Mche wa Mistari Saba: Tunamuaga Bi. Teresa Mirumbe

Ijumaa ya tarehe 31 Desemba 1999, baada ya miaka ishirini na minane ya kupika sabuni, kuionja na kugombana nayo, Bi. Teresa Mirumbe, Meneja wa Uzalishaji na Teknolojia wa Kiwanda cha Sabuni cha Mto Kuja hapa Migori, anastaafu. Saa chache baadaye, tunaambiwa, kompyuta za dunia nzima zitarukwa na akili kwa kushindwa kuusoma mwaka elfu mbili. Sisi wa Idara ya Mauzo hatusemi kwamba anakimbia. Tunasema tu kwamba tarehe hiyo aliichagua mwenyewe.

Kwa kuwa tumo ndani ya Ramadhani, sherehe itaanza jua likizama, ili mwenye kiwanda, Mzee Mohamednur, afuturu pamoja nasi. Wageni wakae popote wapendapo. Ombi letu ni moja: ile meza kubwa ya kantini iliyofunikwa kitambaa cheupe isiegemewe. Wafanyakazi wanajua kwa nini, maana inatikisika tangu siku ilipoingia humu. Lakini jioni hii kuna sababu nyingine, na msomaji ataikuta mbele.

Bi. Teresa, ambaye kiwandani tunamwita Madam na Mzee humwita Mama Robi kwa jina la bintiye wa kwanza, alizaliwa upande wa Kehancha na kusomea kemia katika chuo cha ufundi, wakati ambapo wasichana wa darasa lake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki. Alifika hapa Januari 1972 akiwa msaidizi wa maabara. Alipouliza maabara iko wapi, alionyeshwa rafu. Juu ya rafu palikuwa na mrija mmoja wa kioo uliovunjika mdomo, na mizani ambayo Mzee alikuwa akipimia sukari dukani kabla hajafungua kiwanda. Madam aliifuta mizani, akaweka kikombe chake cha chai kando ya mrija, akaanza kazi.

Kwa miaka mingi kipimo chake alichokiamini kuliko vyote kilikuwa ulimi. Sabuni ikishapikwa, yeye huigusa kwa ncha ya ulimi. Ikimchoma, magadi bado hayajaisha nguvu na karai linarudishwa motoni. Isipomchoma, anaitikia kwa kichwa mara moja na watu wanaanza kumimina. Mkaguzi mmoja wa serikali alimkuta akilamba mche wa sabuni asubuhi na mapema, akamuuliza kwa heshima zote kama kiwanda kina utaratibu wa chakula cha wafanyakazi. Madam alimkaribisha chai. Mkaguzi aliinusa kwanza.

Mtu akikwambia Bi. Teresa alikuwa mama mpole, huyo hakuwahi kufanya kazi naye. Alikuwa na hasira za karibu karibu, zenye kuwaka na kuzimika kabla hujapata kiti. Alimpenda mtu mchapakazi, alimvumilia mvivu mwenye maneno matamu, na hakumsamehe kamwe aliyeacha koleo ndani ya karai. Alikuwa pia na ugonjwa mmoja tunaoujua wote: mapenzi ya mashine. Wengine wakisikia ngoma ya harusi hawatulii. Yeye akisikia mota mpya inanguruma ng'ambo ya barabara, hata kikao hukiacha akaenda dirishani kutazama.

Mapenzi hayo yalitufaa sana mwanzoni. Mwaka 1983, mafuta ya dizeli yalipopanda bei hadi tukawa tunapika sabuni siku mbili kwa wiki, ni yeye aliyebuni jiko la kutumia makapi ya miwa kutoka Awendo. Lori la kwanza la makapi liliingia Migori siku ya soko bila turubai, upepo ukavuma, na kwa wiki nzima mji wote ulikuwa unakuna shingo. Mzee alizunguka duka kwa duka akiomba radhi. Lakini jiko liliwaka, gharama zikashuka, na jiko hilo hilo linawaka hadi leo.

Sasa tufike mwaka 1994, maana bila mwaka huo hakuna hadithi, na huenda hakungekuwa na sherehe.

Wasomaji wanakumbuka soko lilivyofunguliwa miaka ile. Kila siku lori jipya lilitua na bidhaa mpya. Sabuni za pakiti, zilizokatwa vipande vidogo, zenye kung'aa na kunukia, zilijaa rafu za maduka kuanzia Isebania hadi Mbita, kwa bei ambayo sisi tungeiita ya kutania. Sabuni yetu ilikuwa mche mrefu wa rangi ya kahawia, usio na karatasi wala jina, ambao mwenye duka anaukata kwa waya kulingana na sarafu za mteja. Mimi nilikuwa nikisimamia mauzo Homa Bay. Katika miezi michache nilianza kurudi Migori na gari likiwa limejaa kama lilivyotoka.

Jibu la Madam lilikuwa mashine. Alikuwa na hakika, na alituambia kwa hakika hiyo hiyo, kwamba wenzetu wanatushinda kwa sababu wana mashine ya kukata na kufunga pakiti, na sisi hatuna. Alimshawishi Mzee akope, wakaagiza moja iliyokwisha tumika ng'ambo. Ilifika Juni, imefunikwa nailoni nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, wanawake wa idara ya kukata wakaipigia vigelegele langoni. Hapo hapo ikapata jina: Bibi Harusi.

Bibi Harusi alikuwa na masharti. Umeme ukipungua kidogo, anazira. Sabuni ikiwa laini, anaitafuna. Karatasi nzito haitaki, ni nyembamba tu. Hata hivyo Madam alikesha naye, akambembeleza, na kufikia Agosti tulikuwa na pakiti zetu wenyewe. Ili tusipitwe kwa lolote, tulizitia manukato ya waridi, tena kwa mkono mkunjufu.

Kosa letu lilikuwa la watu wa hapa hapa, ndiyo maana linauma na kuchekesha kwa pamoja. Kila mmoja wetu amekulia karibu na duka la kijijini. Kila mmoja anajua kwamba unga, sukari, majani ya chai na sabuni hukaa rafu moja, bega kwa bega. Pakiti za wenzetu zilikuwa na karatasi ya nta. Zetu zilikuwa na karatasi ambayo ungeweza kusomea gazeti ng'ambo yake. Katika wiki tatu, tarafa nzima ya Rangwe ilikuwa inakula ugali wa waridi.

Malalamiko yalikuja kwanza kwa mzaha, kisha kwa magunia. Hoteli moja ilirudisha unga dukani, duka likaturudishia pakiti. Orpah, mwenye duka kubwa la rejareja pale Rangwe na mteja wetu wa miaka mingi, alipakia katoni zote kwenye gari letu kwa mikono yake. Alisema mumewe amekataa kula nyumbani, anadai chakula kinamkumbusha mazishi ya mtu tajiri.

Kufikia Septemba Mzee alikuwa amechoka. Kampuni moja kubwa ya mjini ilikuwa imemfuata na pendekezo zuri: azime majiko, auze makarai, ageuze kiwanda kiwe ghala, awe wakala wa sabuni zao kwa Migori na Homa Bay yote. Faida ya uhakika, usumbufu hakuna. Kwa kazi hiyo angehitaji watu sita. Sisi tulikuwa arobaini na wawili.

Mzee si mtu wa kuficha. Alimwita Madam ofisini, na Idil, bintiye, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi ya uhasibu, alikuwepo. Akamweleza yote, na akamhakikishia kwamba miongoni mwa wale sita yeye ndiye wa kwanza. Madam alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo Idil anasema lilimtisha kuliko kelele. Kisha akasema, "Mzee, usinihesabu kwa hao sita. Mashine ni mimi nilikuambia ununue, na nilikosea. Nipe mpaka Idd."

Idd ilikuwa Machi. Mzee alikubali kungoja hadi hapo, lakini hakukataa lile pendekezo. Wote watatu walilijua hilo, na kufikia jioni kiwanda kizima kilijua pia.

Siku iliyofuata Madam alipanda gari la mauzo na kuniambia nimpeleke Rangwe. Nilidhani anakwenda kuomba radhi. Kweli aliomba, lakini radhi yake ilikuwa ya ajabu: alimwomba Orpah ampe aproni na nafasi nyuma ya kaunta. Orpah alinitazama mimi, nikatazama dari. Akampa.

Siku ile Madam aliuza chumvi, viberiti, mafuta ya taa na sabuni. Pakiti za wenzetu ziliuzika bila neno. Kisha akaja mama mmoja aliyetaka ule mche wetu wa zamani, kipande tu. Madam akachukua waya, akapima kwa jicho lake la miaka ishirini na ushee kiwandani, akakata. Yule mama akakigeuza kipande kiganjani, akakitazama juu na chini, akauliza mbele ya foleni yote, "Wewe mama mgeni, hii umekatia mimi ama umekatia panya?"

Foleni ikacheka. Madam akakata kingine, kikubwa. Mteja wa pili naye akataka kama hicho, na wa tatu akataka kuzidi hicho. Mche ulipokwisha, hesabu yake haikurudisha hata bei ya kuununua, na makombo yaliyobaki mezani hayakufaa kumwoshea mtu hata leso. Orpah alikuwa amekaa kwenye kreti la soda akimtazama, bila kucheka.

"Umeona, Madam?" akamwambia. "Sabuni yenu haina shida, inaosha mzuri kushinda hiyo ya pakiti. Shida ni kukata. Nikikata kubwa, mimi nalala njaa. Nikikata ndogo, natukanwa kwa duka yangu. Hiyo ya hawa watu imekatwa na kampuni. Mtu akilia ni ndogo, namwambia aende aulize kampuni."

Tulitoka Rangwe, tukapita Rodi, tukafika Rongo, yeye akigeuzageuza kombo la sabuni kiganjani. Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza hadi Awendo. Tulikuwa tumeshindana na karatasi, manukato na mng'aro, na mteja hakuhama kwa lolote kati ya hayo. Aliyehama ni mwenye duka, kwa sababu alichoka kuwa hakimu wa sabuni. Aliyemwondolea kesi hiyo ndiye aliyepata rafu. Na kumwondolea kesi hiyo, alisema Madam akipiga dashibodi ya gari la kampuni, hakuhitaji pakiti. Kunahitaji mistari.

Tulipofika Awendo akaniambia nisimame kwa Gisiri. Gisiri ni fundi wa jua kali anayechomelea matrela ya kubebea miwa, mtu wa Kuria kama yeye, na walikuwa wakibishana kwa raha tangu zamani. Madam alimchorea mavumbini kwa kijiti: rola ya chuma itakayopita juu ya mche ukiwa bado na unyevu, iache mistari saba iliyozama kidogo, ili mche ugawanyike vipande vinane vilivyo sawa, na kila kipande kiwe na muhuri wa Mto Kuja. Mwenye duka anaweka waya kwenye mstari, anavuta, basi. Mteja akiona ni kidogo, aende akaulize kampuni.

Chuma cha rola hiyo kilitoka wapi, Madam hakuwahi kupenda tukitaje, lakini leo anastaafu. Kilitoka kwa Bibi Harusi. Alimfungua mwenyewe kwa spana, skurubu moja baada ya nyingine, na waliokuwa zamu siku hiyo wanasema alikuwa akimsemesha polepole kwa Kikuria. Ekseli ya trela bovu la miwa ndiyo iliyoshika rola hiyo, na mota ya Bibi Harusi ndiyo iliyoizungusha. Mbao za kreti alilokuja nalo zikawa rafu za kukaushia. Maana Madam aliona jambo la pili pia: mche ukikatwa mbichi, husinyaa dukani, na mistari iliyo sawa Migori haitakuwa sawa Mbita. Tangu hapo sabuni yetu hukaa rafuni hadi ikauke kweli kweli ndipo itoke.

Hatukufika kwa hatua moja. Rola ya kwanza ilizamisha mistari mno. Nilipeleka shehena yangu ya Desemba kwa barabara ile ya Homa Bay hadi Mbita, ambayo wakati huo ilikuwa na mashimo yenye umri mkubwa kuliko mimi, na nilipofungua mlango wa gari sikukuta mche hata mmoja. Vilikuwa vipande vitupu, kama mtu amemwaga dhumna. Niliviuza hivyo hivyo kwa ndoo. Madam aliniuliza njia ilikuwaje, nikamjibu kwamba njia ilifanya kazi ya waya. Gisiri alipunguza meno ya rola na mwaka mpya tukaanza upya.

Januari ilikwenda, na Ramadhani ikaingia. Tulikuwa tunauza, lakini hakuna aliyejua kama tunauza vya kutosha. Watu walianza kuulizana kwa sauti ndogo nani watakuwa wale sita. Wawili walikwisha kuanza kutafuta mashamba ya kukodi. Machuki wa kwenye majiko, ambaye ana sauti ya kuamsha kijiji, alifanya kazi mwezi mzima bila kuimba. Madam alipita kila asubuhi akigusa sabuni kwa ulimi kama kawaida, ila wale waliomjua waliona kwamba alikuwa anagusa kila mche mara mbili.

Kawaida ya Mzee siku ya Idd ni kuwalisha wafanyakazi wake wote pilau hapa uani, Waislamu na Wakristo na wale wasiosema ni nani. Mwaka ule wa 1995 tulikuja wote, hata waliokuwa wagonjwa, na hakuna aliyekuwa na njaa. Mzee alichelewa. Swala ilikwisha, watu wakapita barabarani na kanzu zao nyeupe, yeye hajaonekana. Sinia zilikaa zimefunikwa. Madam alisimama mlangoni kwa jiko lake la makapi, mikono kifuani.

Mzee alipofika hakukaa. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa machache.

"Nimepitia sokoni," alisema. "Nimesimama mbele ya duka la mtu asiyenijua. Alikuwa anaongea na jirani yake, huku anakata sabuni yetu. Mama Robi, hakuangalia hata mkono wake. Na aliyenunua hakuangalia pia, aliweka kwa kikapu akaenda." Kisha akafunua sinia iliyokuwa karibu naye. "Kuleni. Kesho tunapika sabuni."

Machuki aliimba hadi jioni. Madam alisema moshi wa jiko umemwingia machoni, na sote tulikubali, ingawa siku hiyo jiko halikuwa limewashwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, kwa hiyo nitayapitia haraka. Sabuni ya mistari saba ilirudi Rangwe, ikavuka kwenda Rusinga, ambako kina mama wanaofulia juu ya mawe ya ziwani waligundua kwamba mche mkavu haulegei ukisahauliwa kwenye maji. Tulikuwa arobaini na wawili, leo tuko sitini na mmoja. Wenzetu wa mjini wangali madukani na pakiti zao, na wanauza vizuri, Mungu awabariki. Rafu ni ndefu.

Madam aliweka pia desturi ambayo wageni wetu huiona ya kichekesho: Siku ya Kaunta. Kila mwaka, kila mfanyakazi wa Mto Kuja, kuanzia meneja hadi askari wa lango, husimama siku moja nyuma ya kaunta ya duka fulani na kuuza. Na hakuna mashine inayonunuliwa hapa, hata feni, mpaka anayeitaka awe amefika kaunta akaona kama inatakiwa huko. Alipoalikwa Kisumu mwaka jana kwenye semina ya teknolojia na ushindani wa biashara katika nchi zinazoendelea, hakupeleka slaidi. Alipeleka mche usio na mistari na kipande cha waya, akawaomba washiriki wawili waukate na wagawie meza yao. Ubishi uliozuka ulichukua muda wote wa chai, na mwenyekiti alipata kipande kidogo kuliko wote. Wakamwomba arudi mwaka ujao.

Isidhaniwe kwamba alishinda kila mara. Idil alipotaka kompyuta mwaka 1997, Madam alipinga kwa nguvu zake zote, akasema hajawahi kuona mteja akiulizia kompyuta. Akampeleka Kaunta, Mbita, akitegemea kwamba atakaporudi atakuwa amesahau. Idil alirudi na orodha ya maduka yaliyokuwa yakikaa bila sabuni yetu wiki nzima kwa sababu sisi hatukujua imekwisha. Kompyuta ikanunuliwa. Madam aliitazama kwa mbali miezi miwili, kisha akaanza kuifunika mwenyewe kila jioni isiingie vumbi. Sasa anamuuliza Idil kila siku kama itaamka salama Jumamosi.

Imebaki ile meza.

Wafanyakazi wote wanajua vita vya Bi. Teresa na meza ya kantini. Ililetwa wiki moja baada ya Idd ile, pana kama mlango wa ghala, miguu mifupi isiyolingana, na chini yake imepigiliwa gunia ambalo Madam aliapa kwamba linazalia panya. Ukiweka kiwiko, chai ya jirani inakwenda kwenye paja lake. Kila mwaka, katika kikao cha kila mwaka, Madam aliomba meza mpya. Mzee, ambaye tangu 1995 hakumnyima kitu, alimnyima hiyo. Hakueleza. Alisema tu meza bado ina kazi.

Mwezi huu, kwa ruhusa ya babake, Idil ametueleza kazi yenyewe. Madam, haya unayasoma kwa mara ya kwanza pamoja na wageni wako, kwa hiyo kaa vizuri.

Ulimwomba Mzee hadi Idd. Alikupa hadi Idd. Lakini ilipobaki wiki moja alikata tamaa, akaenda kwa mchoraji wa mjini bila kumwambia yeyote ila Idil, akaagiza kibao. Kilipokuwa tayari, alikileta uani kwa mkokoteni kikiwa kimefunikwa, na asubuhi ile ya Idd, kabla ya swala, kilikuwa kimeegemezwa nyuma ya jengo na misumari yake imeandaliwa. Alikuwa atutangazie baada ya pilau. Alipitia sokoni njiani kwa sababu, amesema mwenyewe, alikuwa anaogopa kufika hapa. Wiki ile ile akamwita seremala akipige miguu.

Gunia tumeling'oa jana. Futari ikiisha, tutaondoa vikombe na kitambaa, na watu wanne wataigeuza meza. Utaona rangi haijachuja hata kidogo, maana haijawahi kuona jua. Imeandikwa kwa herufi kubwa za bluu: MOHAMEDNUR NA WANAWE, GHALA NA WAKALA WA SABUNI. Karibu miaka mitano tumekunywa chai juu yake, na wewe ukiilalamikia kuliko sisi wote.

Zawadi rasmi ya kampuni ni mtamba wa maziwa, ambaye Machuki amekwisha kumpa jina la Bibi Harusi, na hatukuweza kumzuia. Tunajua unarudi Kehancha kufuga mbuzi. Tunajua pia kwamba banda la mbuzi unalolijenga lina dohani, na sijapata kusikia mbuzi anayehitaji dohani. Ukifungua kiwanda chako cha sabuni, tunaomba tu utuachie soko la Rangwe.

Lakini kibao nacho ni chako. Mzee amesema kimemaliza kazi yake hapa. Kukibeba hadi kwenye pikapu hatutawapa vijana wa kupakia, ingawa wana nguvu. Watakishika wale thelathini na sita ambao kingewatoa nje ya lango hili, wote waliobaki kazini na wale waliostaafu kabla yako, ambao wamekuja leo kutoka makwao kwa ajili ya hatua hizo chache tu. Mimi nimeomba pembe ya mbele.

Asante, Madam. Nenda ukapumzike, ukale ugali usionukia kitu, na afya njema ikufuate hadi Kehancha.

Mourine Aluoch
Idara ya Mauzo, Tawi la Homa Bay